Kadi ya Idi kwa Muhuri na Wino: Pindo, Mji na Jina

Mwezi wa Ramadhani unapomaliza kumi lake la kwanza, na majirani wanapoanza kuulizana bei ya unga wa mchele wa vileja, huo ndio wakati wa kuketi kukata mihuri ya kadi za Idi. Si usiku wa kuandama mwezi, saa ambayo mikono yote imo katika pilau na pasi ya kanzu. Katika hewa ya pwani, hasa miaka ambayo sikukuu huangukia masika, wino wa muhuri huchukua saa nyingi kukauka barabara, na kumi la mwisho la mwezi lina ibada zake, nalo halifai kukatizwa na gundi na mkasi. Anza mapema, umalize mwezi ishirini, kisha kadi zilale zikikausha wino wakati wewe umo katika yaliyo bora zaidi.

Salamu ya Idi siku hizi hupita katika simu, nayo hufika upesi, ikasomwa upesi, ikazikwa chini ya salamu nyingine mia. Kadi iliyopigwa kwa mkono haina mwendo huo, lakini ina makao: huwekwa juu ya kabati la vyombo, mgeni huigeuza aone nyuma yake, mtoto huisoma kwa sauti, na nimeziona kadi za namna hii zimelala ndani ya kasha la nguo pamoja na udi na kanga mpya, miaka mingi baada ya aliyezileta kuhama mji. Fauka ya hayo, gharama yake ni ndogo mno kwa mtu wa kawaida, kwani karatasi chache za manila, mbatata moja na kisahani cha wino vyatosha aila nzima na majirani wa pande mbili.

Mwongozo huu unakuomba jambo moja juu ya mengine yote, nalo ni hili: usiende kutafuta mfano wa kadi yako mbali, ilhali mfano ulio bora umekunjwa ndani ya sanduku la mama yako. Tandika kanga juu ya kitanda uitazame. Ina pindo, ambalo huizunguka pande zote nne kwa nakshi inayorudiwa. Ina mji, ambao ni uwanja wa kati wenye pambo kubwa. Na ina jina, yale maneno machache yaliyokaa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Leso za mwanzo za pwani yetu, mwishoni mwa karne ya 19, zilipigwa nakshi kwa vibao vya mti vilivyotiwa rangi na kugandamizwa kwa mkono, na neno chapa lenyewe asili yake ni Bara Hindi, ambako kazi hiyo ya vibao ina umri wa karne nyingi. Kwa hiyo mtu apigaye muhuri juu ya karatasi hapa kwetu hajifunzi ugeni. Anairudia kazi ya kwao kwa kipimo kidogo. Aliyezoea kuvaa na kuchagua kanga amekwisha kuwa na jicho la kupanga kadi, ijapokuwa hajawahi kushika wembe wa kukatia muhuri.

VIFAA

• Karatasi ya manila, nyeupe au ya rangi hafifu. Karatasi ya daftari haifai, kwa sababu hunywa wino ukatokeza upande wa pili.
• Wino wa muhuri wenye kisahani chake, yaani kile kisanduku bapa chenye kitambaa kilicholowa wino, kama cha mezani kwa karani. Nyekundu na nyeusi ndizo zipatikanazo kwa urahisi.
• Raba mbili tatu za kufutia, ziwe mpya na laini, mbatata moja, bamia, na kandambili moja iliyokwisha kazi.
• Wembe au kisu kidogo kikali, mkasi, rula, penseli laini, kalamu ya wino mweusi, gundi.
• Kalamu iliyokwisha wino. Usiitupe, ina kazi hapa.
• Magazeti ya zamani na vitambaa viwili, kimoja kikavu na kimoja kibichi.

KUKATA NA KUKUNJA KARATASI

Nachagua kipimo cha sentimita 10 kwa 14, na sababu yake ni hesabu ya pindo utakayoiona mbele. Karatasi ya A4, ambayo ni sentimita 21 kwa 29.7, hutoa kadi mbili za kipimo hicho, nazo huingia pasipo dhiki katika bahasha ya kawaida ya C6.

1. Kata karatasi iwe vipande viwili vya sentimita 20 kwa 14.
2. Tia alama ya penseli kwenye sentimita 10, juu na chini.
3. Weka rula juu ya alama mbili hizo, kisha pitisha kalamu iliyokwisha wino kwa kukaza mkono, upate mfereji. Manila ikikunjwa bila mfereji hupasuka uso, na mpasuko huo haufichiki.
4. Kunja kwa kuufuata mfereji, uulaze mkunjo kwa ukucha au kwa mgongo wa kijiko.

Ukikusudia kuandika salamu kwa herufi za Kiarabu, mkunjo uwe upande wa kulia wa kadi, ili ifunguke kama kifungukavyo kitabu cha Kiarabu. Ni jambo dogo, walakini mzee atakayeipokea atalitambua kabla hajasoma neno.

KUKATA MIHURI

Kaida ya muhuri ni moja: kilichobaki juu ndicho kitakachochapa, na kilichokatwa kikashuka hubaki cheupe. Mwanafunzi wa kwanza aghalabu hulichonga ua lenyewe akaliacha shimo, kisha akashangaa kuona ua jeupe ndani ya doa la wino. Basi kabla ya kukata, paka penseli pale unapotaka wino ukae, ndipo uondoe pale pasipo penseli.

Muhuri wa pindo hukatwa katika raba, kwa kuwa utapigwa mara nyingi na lazima ukingo wake udumu. Pima mraba wa sentimita 1 kwa 1, ukate kwa wembe mpya, wima, pasipo kuulaza wembe kwa ndani, maana ukilalia ndani muhuri hukosa shina, ukapindapinda ukiugandamiza. Juu ya mraba huo chora kitu kimoja tu: korosho kama ile ya kanga, au karafuu yenye kichwa na meno manne, au pingili ya mnyororo kama zile zinazozunguka fremu za milango ya Unguja na Lamu. Kina cha kukata ni milimita 2 au 3. Usitamani majani na vikonyo vyembamba. Katika mraba wa sentimita moja, uzuri hutokana na kurudiwa, si kwa wingi wa vitu.

Muhuri wa mji ni mkubwa zaidi, nao hukatwa katika mbatata. Hapa nitakuonyesha hilali, kwa sababu ndiyo pambo lipendwalo kuliko yote, na ndiyo inayoharibiwa kuliko yote.

1. Osha mbatata, uikaushe, uikate katikati kwa pigo moja la kisu kipana. Ukikata kwa kusuasua, uso hupata mawimbi na muhuri hauchapi sawasawa.
2. Lalisha uso uliokatwa juu ya kitambaa kikavu kwa robo saa. Mbatata ina maji mengi, na maji hayo hufukuza wino.
3. Chukua kifuniko cha chupa ya plastiki, ukigandamize juu ya uso kiingie kiasi cha milimita 5, kisha ukitoe. Umepata duara.
4. Kisogeze kifuniko kando kwa upana wa kidole kidogo, ukigandamize tena. Duara la pili limelila la kwanza, na kilichobaki nje ya la pili ni hilali kamili, yenye ncha mbili zilizo sawa, ambazo hata fundi hodari hazipati upesi kwa kisu kitupu.
5. Ondoa kila kilicho nje ya hilali kwa ncha ya kisu, ukishuka milimita 5.
6. Tia alama nyuma ya mbatata kuonyesha upande wa juu.

Alama hiyo ya hatua ya sita ina maana yake. Kadi nyingi ziletwazo kutoka ng'ambo huichora hilali imesimama wima kama mundu, ilhali sisi tukaao karibu na ikweta, tukitoka ufukweni baada ya jua kuchwa kuutafuta mwezi mwandamo, aghalabu twauona umelala chali, ncha zake mbili zikitazama juu kama dau lililotia nanga. Kadi yako ni ya watu watakaouona mwezi huo kwa macho yao. Uchape kama watakavyouona. Weka dau la mwanga katikati ya mji, theluthi ya juu, na nyota yoyote utakayoiongeza iwe juu yake.

Ama bamia, halihitaji mchongaji. Likate upana mbali kidogo na kikonyo, na ndani yake utakuta vyumba, kwa kawaida vitano, vilivyopangwa kama ua. Lina utelezi, basi pangusa uso wake mara mbili, uliache likae nusu saa, upanguse tena ndipo ulitie wino. Kila bamia hutoa ua lenye sura yake, na jambo hilo hulipa pambo uhai ambao raba haiwezi kuupa.

Kandambili chakavu hufaa kwa mapambo mapana yenye mistari iliyonyooka, kama mnara wa msikiti, jahazi au samaki. Chora kwa kalamu, kata kwa mkasi, kisha bandika kwa gundi juu ya kipande cha ubao upate mshiko. Upande uliokanyagwa umelainika, nao ndio uchapao vizuri.

Jina likiwa ni maneno mawili au matatu, kama Idi Njema au Heri ya Idi, nakushauri uliandike kwa kalamu, kwa herufi kubwa zilizosimama kama za kanga. Ikiwa azma yako ni kulichonga, kumbuka kwamba muhuri hugeuza kila kitu kama kioo. Mwaka mmoja nilikata neno IDI katika raba nzima, nikaliona limekaa vizuri, nikaridhika, kwa sababu herufi zile mbili za I hazina mbele wala nyuma. D pekee ndiyo iliyonifichua, ikageukia kushoto juu ya kadi zote kumi na mbili nilizopiga kabla sijatazama. Njia iliyo salama ni hii: andika neno kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, lilaze kifudifudi juu ya raba, usugue mgongo wa karatasi kwa ukucha, na maandishi yatahamia juu ya raba yakiwa yamegeuka tayari. Herufi za Kiarabu hufuata njia hiyo hiyo.

WINO NA RANGI

Kanga ya kisutu, ile ya harusi, imeishi miaka yote hii kwa nyekundu, nyeusi na weupe wa nguo. Hiyo ni hoja tosha kwamba wino wa rangi mbili na weupe wa karatasi hutosha kadi kupendeza, na anayeanza na asizidishe. Nyekundu ipewe mji, nyeusi pindo na jina. Rangi hafifu hutangulia daima, na nzito hufuata, kwa sababu nyeusi hufunika taksiri ya nyekundu, lakini nyekundu haiwezi kuifunika nyeusi.

Ukitamani kijani au manjano na dukani hakuna, tengeneza rangi yako:

1. Koroga kijiko 1 cha chai cha wanga wa mahindi au wa muhogo katika vijiko 4 vya mezani vya maji baridi.
2. Pasha juu ya moto mdogo ukikoroga hadi uji uwe mzito na ung'ae, kisha uupoze.
3. Katika kijiko 1 cha mezani cha uji huo tia rangi ya chakula kidogo kidogo mpaka ikolee.
4. Dondoshea matone matatu ya gliserini ya duka la dawa, ili rangi isikaukie juu ya muhuri kabla hujaifikisha kwenye karatasi.
5. Paka juu ya sifongo iliyo ndani ya kisahani, utumie siku hiyo hiyo. Kesho uji huo utakuwa umechacha.

Watu huniuliza juu ya bizari ya manjano, kwa kuwa imo katika kila jiko. Rangi yake hupendeza siku ya kwanza, lakini hupauka ikipigwa na mwanga, na ikikutana na sabuni hugeuka wekundu wa kutu. Iache kwenye pilau.

KUPIGA

Tandika gazeti lililokunjwa mara nne chini ya kadi. Karatasi ikilala juu ya meza tupu, muhuri hugusa vilima tu na kuacha mabaka. Gazeti huipa kadi mto, na muhuri ukagusa kote.

1. Chora kwa penseli, kwa mkono mwepesi, mstari wa nusu sentimita kutoka kila ukingo. Umebaki na uwanja wa sentimita 9 kwa 13.
2. Piga mji kwanza, kwa nyekundu. Gongagonga muhuri juu ya kisahani mara mbili tatu kwa wepesi, usiuzamishe. Jaribu juu ya gazeti, kisha juu ya kadi: shusha wima, gandamiza kwa kiganja huku ukihesabu hadi tatu, inua wima. Usiutikise wala usiuvute.
3. Acha nyekundu ikauke. Ukiigusa kwa karatasi nyeupe isiache alama, iko tayari.
4. Piga pindo kwa nyeusi, ukianza na pembe nne.
5. Kisha piga katikati ya kila upande.
6. Ndipo ujaze nafasi zilizobaki: tatu kila sehemu katika pande fupi, tano kila sehemu katika pande ndefu.
7. Andika jina, na kadi ikiisha kukauka kabisa futa mistari ya penseli.

Sasa waona sababu ya kipimo nilichokuchagulia. Upande mfupi hupokea mihuri 9 na mrefu 13, hesabu zote mbili ni witiri, kwa hiyo kila upande una muhuri mmoja ulio katikati yake hasa, na pindo zima hukamilika kwa mapigo 40. Anayeanzia pembe moja akazunguka kadi mpaka arudi alipoanza hufika mwisho akiwa na nafasi ya nusu muhuri, ikamlazimu ama abane ama aache pengo. Lakini anayetangulia na pembe na katikati huigawa taksiri hiyo vipande vidogo vidogo visivyoonekana.

┌ TAHADHARI ┐
Wembe ni kazi ya mtu mzima. Mtoto na apige muhuri, usimpe kukata. Kata ukielekeza makali mbali na kidole kinachoshika, na wembe uliotumika uuviringe katika karatasi nene kabla ya kuutupa.
Wino wa muhuri hautoki katika nguo kwa maji na sabuni. Kanzu na magauni ya Idi yasiwe katika chumba unachofanyia kazi.
Ukihama rangi moja kwenda nyingine, safisha muhuri kwa kitambaa kibichi, kisha kwa kikavu. Nyeusi iliyoingia katika kisahani chekundu haiondoki.
└ ┘

MAKOSA NA DAWA ZAKE

Chapa ikitoka na madoa meupe, ama uso wa mbatata una maji ama mto wa gazeti ni mwembamba. Ikitoka na ukingo mnene uliofura, wino umezidi: piga muhuri mara moja juu ya gazeti kabla ya kadi. Ikitoka na kivuli upande mmoja, mkono ulisogea. Na doa likiangukia mahali pasipo pambo, usilifute, kwa kuwa kufuta huchubua manila ikabaki na manyoya. Lipigie ua la bamia juu yake, kisha upige jingine upande wa pili ili la kwanza lionekane limekusudiwa.

NDANI YA KADI: MKONO WA IDI

Mtoto hutarajia mkono wa Idi, na ni taadhima kumpa ndani ya kadi yenye jina lake kuliko kumtilia noti kiganjani. Kata utepe wa manila wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa 9, upake gundi ncha zake mbili tu, sentimita moja moja, uubandike ndani ya kadi upande wa nyuma. Noti ikunjwe mara moja, ipite chini ya utepe. Juu ya utepe piga safu moja ya muhuri uleule wa pindo, ili ndani na nje visemezane. Salamu ya ndani na iwe fupi, kwa mwandiko wako mwenyewe, na umtaje mtu kwa cheo chake katika ukoo: shangazi, mjomba, bibi, somo.

KWA WENYE KRISMASI

Njia ni hiyo hiyo, kwani pindo na mahali pa jina havibadiliki. Mji na maneno ya jina ndivyo vibadilikavyo. Badala ya hilali kata nyota katika mbatata, au tumia bamia kwa wino mwekundu, ua juu ya ua, upate tawi la mkrismasi, ule mti unaowaka maua katika njia zetu mwezi wa Desemba. Hilo lina ukweli zaidi kwetu kuliko theluji ya pamba. Wala usione haya kwamba kadi yako imetiwa rangi kwa mkono: kadi ya Krismasi iliyo mashuhuri kuwa ya kwanza kuuzwa, ile aliyoagiza Henry Cole mjini London mwaka 1843, ilipigwa nakala 1000 kwa mtambo, lakini rangi zake zilipakwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

KABLA YA KUTIA KATIKA BAHASHA

☐ Mistari ya penseli imefutwa.
☐ Jina halikukosewa herufi, na aliyelisoma ni mtu mwingine, si wewe.
☐ Hilali imelala, ncha juu.
☐ Kadi zilikaa usiku mzima zimetandazwa, hazikulaliana.
☐ Nyuma ya kadi umeandika jina lako na mwaka, wa Hijria na wa Miladia.

Ukimaliza, mbatata na bamia havina akiba, vitupe. Mihuri ya raba na ya kandambili ipanguse, uipulizie poda kidogo isigandamane, uihifadhi katika kopo lenye kifuniko, mbali na jua. Baina ya Idi el-Fitri na Idi el-Haji pana siku zisizofika 70, na wale ambao hawakupata kadi safari hii watakuwa wamekwisha kuona za jirani zao.